Medani za Luwero, Kuanzia Bugolobi

Anayetaka kuzuru medani za vita vya msituni vya Uganda huambiwa aanzie Luwero. Mimi humshauri aanzie Bugolobi, hapa hapa Kampala, pasipo na bango la vita hata moja. Bugolobi leo ni mtaa wa maghorofa, migahawa na kahawa ya bei ghali. Barabara yake kubwa inaitwa Luthuli, kwa heshima ya Albert Luthuli wa Afrika Kusini. Ukipanda kidogo upande wa Mbuya unakutana na kambi na hospitali ya jeshi, na mahali zilipo ofisi za ujasusi wa kijeshi ambazo Waganda wengi hupita mbele yake bila kugeuza shingo. Ukishuka upande wa pili unaikuta barabara ya Faraday, ambako Redio Uganda ilikuwa na mitambo yake ya kurushia matangazo, kwenye kiwanja ambacho baadaye watu waligombania kukinunua kama kiwanja kingine chochote cha mjini.

Sababu yangu ni redio. Raia wa Kampala hawakuviona vita vingi, walivisikia. Tarehe 25 Januari 1971 askari aitwaye Wilfred Aswa alisoma redioni sababu 18 za kumpindua Milton Obote, na nchi ikajua kwamba Idi Amin ndiye mkubwa. Tarehe 11 Aprili 1979 ilikuwa sauti ya David Oyite Ojok ikitangaza kwamba Kampala imeanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliofuatana nayo. Tarehe 27 Julai 1985 kijana Walter Ochora alitangaza kwamba Obote, aliyekuwa amerudi, amepinduliwa kwa mara ya pili. Miezi sita baadaye sauti zilibadilika tena. Mwenyeji wa Bugolobi aliyezaliwa mwaka wa uhuru, 1962, alikuwa hajatimiza miaka 24, na tayari alikuwa amezisikia serikali nne zikifa kwa njia ya redio. Basi anayeingia katika ziara hii aingie kwanza na masikio ya watu hao: watu waliojifungia ndani, taa zimezimwa, redio imeshushwa sauti.

Lakini hawakuwa wasikilizaji tu. Miaka ya Obote wa pili, kati ya 1981 na 1985, mitaa ya Kampala ilikuwa na operesheni ambayo watu waliipa jina la Kiswahili, Panda Gari. Askari waliuzingira mtaa alfajiri, wakawatoa watu majumbani, wakawapakia kwenye malori. Waliobahatika walirudi jioni. Wengine hawakuonekana tena. Ndiyo sababu moja ya watu wa Buganda wa rika fulani kukisikia Kiswahili na kukunja uso: ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu mwenye bunduki anayeuliza kitambulisho. Kwa hiyo nikieleza habari hizi kwa Kiswahili mbele ya wazee wa Luwero, hupunguza sauti.

Kutoka Bugolobi tunavuka mji kuelekea magharibi, hadi Mengo. Kituo cha kwanza ni Lubiri, kasri la Kabaka. Hapa ndipo pana ziara halisi yenye tiketi na mwongozaji, na wageni huletwa kuona handaki la zege lililojengwa enzi za Amin kuwa ghala la silaha, kisha likageuzwa mahabusu. Mwongozaji atakuonyesha alama za viganja ukutani na kukueleza kuhusu maji yaliyotiwa umeme. Masimulizi hayo yanatisha, na yana kasoro moja: humwachia Amin peke yake dhambi zote za mahali hapa. Lubiri ilianza kuwa medani kabla yake, kwa agizo la mtu mwingine. Tarehe 24 Mei 1966 Obote alituma jeshi kulishambulia kasri, Amin akiwa kamanda. Kabaka Mutesa wa Pili aliruka ukuta, akafika uhamishoni London na kufia huko mwaka 1969. Kasri likawa kambi, na jengo la Bulange, bunge la Buganda, likageuzwa makao makuu ya jeshi na kuitwa Republic House.

Na kabla ya 1966 kulikuwa na 1892. Ukisimama Mengo ukatazama kilima cha Rubaga, unakitazama kilima cha Wakatoliki. Namirembe ni cha Waprotestanti. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili za Waganda, mmoja ukiitwa Wafaransa na mwingine Waingereza kwa sababu ya mapadri na wamishenari wao, zilipigana katika bonde hili. Kapteni Frederick Lugard, akiwa na bunduki za Maxim juu ya kilima cha Kampala, aliegemea upande wa Waprotestanti. Kabaka Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, ziwani upande wa Munyonyo, na siku sita baadaye kisiwa nacho kikashambuliwa. Sitakaa sana katika vita hivyo, kwa kuwa vinataka ziara yake. Navitaja ili msomaji asidhani kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vililetwa Buganda na wageni kutoka kaskazini, kama masimulizi mengi ya mitaani yanavyodai.

Turudi kwenye ukuta wa Lubiri. Tarehe 23 Februari 1982 wapiganaji wa UFM, kundi la Andrew Kayiira, waliishambulia kambi hii. Wengi leo husahau kwamba vita vya msituni havikuwa vya Yoweri Museveni peke yake. UFM walikuwa na watu Buganda, walikuwa na wafadhili, na shambulio la Lubiri liliutikisa mji kuliko lolote ambalo NRA, jeshi la Museveni, walikuwa wamelifanya hadi siku hiyo. Liliposhindwa, askari wa serikali waligeukia kanisa kuu la Rubaga. Ilikuwa Jumatano ya Majivu, na waumini waliokuwa wamekuja kupakwa majivu walikuta jeshi limewazingira. Baada ya vita Kayiira aliingia katika serikali ya Museveni kama waziri, akashtakiwa kwa uhaini Oktoba 1986, akaachiliwa Februari 1987, na tarehe 7 Machi mwaka huo akauawa kwa risasi mjini Kampala. Hakuna ziara inayopita alipoangukia. Katika vita vyenye makundi matatu au manne ya waasi, mabango huandikwa na kundi lililoingia Ikulu.

Sasa tunashika barabara ya Hoima. Baada ya kilomita thelathini hivi tunafika Kakiri. Ni mji wa barabarani, wenye mishikaki, ndizi mbivu na boda boda waliopangana kivulini. Hapa, tarehe 5 Aprili 1981, wapiganaji wachache wa Museveni walikivamia kituo cha jeshi na kuondoka na silaha. Kwa hesabu za kijeshi lilikuwa tukio dogo. Kwa siasa lilikuwa kubwa, maana Kakiri iko karibu na mji kiasi cha habari kufika kabla ya chakula cha mchana. Serikali isingeweza tena kusema kwamba waasi ni wezi wa ng'ombe walio mbali huko Mubende.

Hapo Kakiri ndipo mahali pazuri pa kueleza chanzo. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulisimamiwa na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, ambaye wakati wa kuhesabu kura alijitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo. UPC cha Obote kikatangazwa mshindi. DP cha Paul Ssemogerere, ambacho wengi waliamini kimeshinda, kikakubali kuketi bungeni kama upinzani. UPM, chama kipya cha Museveni, kilipata kiti kimoja tu, cha Dakta Crispus Kiyonga huko Kasese, na Museveni mwenyewe akashindwa jimboni kwake. Huwa natua hapa kidogo. Chama chenye kura nyingi kiliamua kubaki mjini, na chenye kiti kimoja kikaenda msituni. Museveni alikuwa amesoma Dar es Salaam, amefunzwa vita na FRELIMO wa Msumbiji, na alikuwa na vijana waliomfuata tangu mapambano dhidi ya Amin. Aliyeibiwa kura nyingi zaidi hakuwa na vijana hao.

Walikusanyika nyumbani kwa Mathew Rukikaire, Makindye, wakapanda lori. Tarehe 6 Februari 1981 wakaishambulia shule ya mafunzo ya kijeshi ya Kabamba. Walikuwa watu arobaini na ushei, wenye bunduki 27. Miongoni mwao walikuwamo Fred Rwigyema na Paul Kagame, majina ambayo Rwanda ingeyasikia baadaye. Risasi ya kwanza ilifyatuliwa na Elly Tumwine, mwalimu wa sanaa aliyekuja kuwa jenerali na kupoteza jicho vitani, akafariki Nairobi Agosti 2022. Shambulio lilishindwa katika lengo lake kuu, kwa sababu ghala la silaha lilikuwa chini ya ardhi na mlinzi mmoja mwenye bunduki aliweza kuuziba mlango wake. Waliondoka na silaha chache na magari, wakaelekea Buganda. Tarehe hiyo sasa ni siku ya jeshi, Tarehe Sita, na jeshi zima huiadhimisha kwa jina hilo la Kiswahili.

Kwa nini Buganda, wakati viongozi wengi wa waasi walitoka magharibi? Jibu unaliona dirishani tukiacha lami ya Hoima na kukata kuelekea Semuto. Hakuna milima ya kujificha hapa wala msitu mnene wa kutisha. Kuna migomba, mibuni, vichaka, mabwawa ya mafunjo ya mto Mayanja, na kaskazini zaidi nyika za malisho hadi mto Kafu. Eneo lililo kati ya barabara ya Hoima, barabara ya Gulu na mto huo ndilo lililoitwa Pembetatu ya Luwero. Maficho yake yalikuwa watu. Wakulima wa kahawa waliomchukia Obote tangu alipoivunja Lubiri walikuwa tayari kumlisha yeyote anayempinga. Juni 1981 Museveni aliunganisha kundi lake na lile la Yusuf Lule, rais wa zamani na Muganda mwenye heshima zake, likazaliwa NRM na jeshi lake NRA, Lule akiwa mwenyekiti hadi alipofariki London Januari 1985. Jina la Lule liliwafungulia wapiganaji milango mingi vijijini.

Katika vijiji hivi kulianzishwa kamati za siri za kukusanya chakula, kupeleka habari na kuwatambua wageni. Kamati hizo ndizo zilizokuja kuitwa Mabaraza ya Upinzani, na baada ya katiba ya 1995 zikawa mabaraza ya mitaa tuliyonayo hadi leo. Mwenyekiti wa LC1 anayekugongea mhuri Bugolobi ili ufungue akaunti ya benki ni mjukuu wa kamati ya kupeleka mihogo msituni. Wengi wanaolalamikia ada ya mhuri hawajui.

Karibu na Semuto kuna kijiji cha Kikandwa. Tarehe 9 Juni 1981 askari wa serikali walimkamata hapa Edidian Luttamaguzi, wakamtaka aseme Museveni yuko wapi. Hakusema. Aliuawa yeye na wenzake wanane. Juni 9 ndiyo Siku ya Mashujaa ya Uganda. Katika ziara nzima hii, Kikandwa ndipo mahali ambapo bango na ukweli vinakaribiana zaidi, kwa sababu anayeadhimishwa ni raia aliyekufa akiwa mikononi mwa askari, bila bunduki. Wakati wa sherehe huja mahema, viti vya plastiki na helikopta. Siku nyingine ni kijiji kama vingine.

Kapeeka iko mbele kidogo, na hapo mgeni hushangaa. Palipokuwa moyo wa eneo la waasi sasa pana eneo la viwanda, Liao Shen, lenye mtaji wa Kichina, na kiwanda cha vigae kinachotoa malori mchana na usiku. Jenerali Salim Saleh, mdogo wake Museveni na mmoja wa makamanda wakuu wa vita vile, ana makao yake Kapeeka. Kuna wanaoona hilo ni fidia kwa Luwero. Kuna wanaouliza vigae vinamfidia nani. Serikali ina waziri wa nchi wa kushughulikia Pembetatu ya Luwero, cheo ambacho bado kipo miaka arobaini baada ya vita, na maveterani na wajane bado hupanga foleni na makaratasi. Januari 2021 wilaya ya Luwero ilimpa Robert Kyagulanyi, mgombea urais wa upinzani, kura nyingi kuliko Museveni. Nadhani kura hiyo ilisema juu ya fidia kuliko ripoti yoyote ya wizara.

Sasa mwaka 1983. Kutoka Kapeeka tunavuka kuelekea Nakaseke na Wobulenzi, na upande wa barabara ya Gulu kuna Bukalabi, ambako NRA walipigwa vibaya mapema mwaka huo na Saleh akajeruhiwa mikono. Waongozaji huipita Bukalabi haraka. Mimi nadhani inastahili kusimamiwa, kwa kuwa inaeleza yaliyofuata. Serikali, ikiongozwa vitani na Oyite Ojok, ilianzisha mashambulizi makubwa ya kuifagia pembetatu, na vijiji vikahamishwa. Ukiwa mwanakijiji ulikuwa na njia mbili. Uende kwenye kambi za serikali kandokando ya barabara kuu, ambako kulikuwa na njaa, kuhara na askari. Au uwafuate waasi kuelekea kaskazini, Ngoma, kwenye nyika isiyo na migomba. Maelfu walichagua Ngoma, wakatembea na watoto na wazee nyuma ya jeshi ambalo lenyewe halikuwa na chakula. Baada ya muda NRA waliwaambia warudi au watafute njia za kutokea, kwa sababu hawakuweza kuwalisha. Hakuna aliyewahesabu waliokufa njiani.

Tarehe 2 Desemba 1983 helikopta ya Oyite Ojok ilianguka Kasozi, ndani ya pembetatu hii hii, naye akafa. Waasi walijisifu, wengine wakasema ni ajali, wengine njama. Lililo wazi ni matokeo. Obote alikaa miezi mingi bila kumtaja mnadhimu mkuu mpya wa jeshi, na alipomtaja, Agosti 1984, alimteua Smith Opon Acak, Mlangi mwenzake, akiwaruka maafisa Waacholi waliokuwa wakubwa kwa cheo. Waacholi ndio waliokuwa wakifa kwa wingi Luwero. Mapinduzi ya Julai 1985, yaliyoongozwa na Bazilio Okello na kumweka Tito Okello madarakani, yalianza katika manung'uniko hayo.

Kabla ya kuondoka Luwero kuna mafuvu. Mwaka 1986, vita vilipokwisha, wakulima waliorudi walikuta mifupa mashambani, vichakani na katika nyumba zisizo na mapaa. Waliikusanya na kuipanga juu ya meza na mikeka kando ya barabara, mafuvu safu kwa safu, na wapita njia wa barabara ya Gulu wakaiona kwa miezi. Baadaye ilizikwa katika makaburi ya pamoja, ambayo mengine yana minara na mengine yamezungukwa na nyasi. Hesabu haijaafikiwa. Agosti 1984 Elliott Abrams wa serikali ya Marekani alitaja kati ya watu laki moja na laki mbili waliouawa, na serikali ya Obote ikakanusha. Museveni hutaja laki tatu. Tume ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, chini ya Jaji Arthur Oder, iliketi kuanzia 1986 hadi ilipotoa ripoti 1994, ikasikiliza mashahidi wa nchi nzima. Bado mtu anayeuliza ni nani hasa aliyewaua waliolala katika kaburi fulani atajibiwa kwa sauti zaidi ya moja, maana pembeni wapo wanaodai kwamba si kila mauaji yalifanywa na askari wa serikali. Kwa maoni yangu uzito wa ushahidi ni juu ya UNLA, jeshi la serikali ya Obote. Hilo halifuti haki ya kuuliza.

Wasomaji wa Kampala wanaodhani mauaji yaliishia Bombo wajue kwamba Mei 1984 wanajeshi waliingia Namugongo, karibu na madhabahu ya mashahidi, mwendo mfupi kutoka Bugolobi. Waliwaua watu katika chuo cha teolojia cha Kianglikana, akiwemo mkuu wake, Mchungaji Godfrey Bazira. Kila Juni 3 mahujaji kwa malaki hufika Namugongo kuwakumbuka mashahidi waliochomwa 1886. Wachache huuliza kuhusu wa 1984.

Walioiponya Luwero hawakuwa na silaha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari kutoka Ireland, Ian Clarke, alifika Kiwoko na kuanza kutibu watu chini ya mti, na pakakua hospitali iliyopo hadi leo. Baadaye alijenga hospitali nyingine Namuwongo, ng'ambo ya reli kutoka Bugolobi. Daktari mwingine, Kizza Besigye, alikuwa ameingia msituni 1982 na kuwatibu wapiganaji na Museveni mwenyewe. Tangu 2001 amegombea urais mara nne dhidi ya mgonjwa wake huyo. Novemba 2024 alitekwa Nairobi, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala, na kupelekwa rumande Luzira.

Kuna ziara moja ambayo mwongozaji wake alikuwa Rais. Januari 2020 Museveni, akiwa na umri wa miaka 75, alitembea kwa miguu kilomita 195 kutoka Galamba, Wakiso, hadi Birembo, karibu na Kibaale. Aliiita Afrika Kwetu. Alikuwa anafuata njia ambayo jeshi lake lilipita mwishoni mwa 1984, lilipotoka Luwero kimyakimya, likalala vichakani, na tarehe 1 Januari 1985 likaivamia Kabamba tena. Safari hiyo walilipata lile ghala lililowakatalia 1981, wakatoka na mamia ya bunduki, wakapigana Birembo wakati wa kurudi. Upinzani ulisema matembezi yale ni kampeni ya uchaguzi wa 2021 iliyovaa buti, na sioni sababu ya kubisha. Hata hivyo kwa mpenda historia yalikuwa na thamani: wazee waliobeba risasi walisimama njiani na kuonyesha palipokuwa na kivuko, mti, kaburi la mwenzao. Ninachojutia ni kwamba kila mzee alisimulia kisa chake mbele ya kamanda wake. Hakuna anayekumbuka kwa uhuru hivyo.

Baada ya Kabamba ya kwanza, NRA waligeuka. Februari 1984 waliiteka Masindi na silaha zake. Juni 1984 waliingia Hoima. Juni 1985, Kembogo, kikosi maalumu cha serikali chini ya John Ogole kilipigwa vibaya. Mashambulizi ya namna hiyo hayakufanywa na watu wenye bunduki 27. Jeshi sasa lilikuwa na maelfu, wakiwemo watoto yatima wa Luwero walioitwa kadogo, wengine wakiburuta bunduki zilizowazidi kimo. Picha za kadogo zilipendwa na waandishi wa kigeni mwaka 1986. Sijaona mnara hata mmoja uliojengwa kwa ajili yao.

Tunarudi Kampala kwa barabara ya Masaka, kama walivyorudi wao. Baada ya mapinduzi ya Julai 1985 Tito Okello alikaribisha mazungumzo, na Rais Daniel arap Moi akayasimamia Nairobi tangu Agosti hadi mkataba ulipotiwa saini tarehe 17 Desemba. Wakati huo huo NRA walikuwa wameshika magharibi yote, wamezingira Mbarara na Masaka, na Masaka ilisalimu amri Desemba 10, wiki moja kabla ya saini. Kizuizi kikubwa kilikuwa daraja la Katonga. Leo gari hulivuka kwa sekunde chache, wauza samaki wakipunga mikono, na abiria wengi hutazama simu. Mwaka 1985 mto huu wenye mafunjo ulikuwa mstari wa mbele kwa miezi, mahandaki pande zote mbili, Saleh akiwa kamanda upande wa kusini. Hii ndiyo medani pekee ya vita hivi inayofanana na vita vya vitabuni: majeshi mawili, mto mmoja, daraja moja. Januari 1986 mstari ulivunjika. Mpigi ikaanguka, na kuanzia tarehe 24 mapigano yakaingia Busega, Nateete, Rubaga hadi Lubiri ile ile. Tarehe 26 mji ulikuwa wao. Tarehe 29 Museveni aliapa kwenye ngazi za Bunge.

Hapo ndipo ziara zote hukoma. Basi linarudi hotelini, watu wanapiga picha. Mimi huomba dereva asizime gari.

Askari wa Okello waliondoka Kampala kwa barabara ya Jinja, ile inayopita chini ya vilima vya Mbuya na Nakawa, wakipora walipopita. Walivuka Nile, wakaelekea kaskazini. Machi 1986 NRA walikuwa Gulu, na kabla ya mwaka kwisha vita vipya vilikuwa vimeanza Acholi. Alice Auma, aliyejiita Lakwena, aliwapaka wapiganaji wake mafuta ya shea, akawaimbisha nyimbo za dini na kuwaambia risasi hazitawadhuru. Mwaka 1987 alishuka kwa miguu kutoka Kitgum, akapita Teso na Bukedi, hadi Magamaga, ng'ambo ya Jinja. Kampala haikuwa mbali tena. Mapema Novemba alishindwa kwa mizinga, akakimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab Januari 2007. Magamaga ni kambi ya jeshi leo. Hakuna ziara.

Na kuna Mukura, huko Teso. Tarehe 11 Julai 1989 askari wa NRA, lile jeshi lililosifiwa Luwero kwa nidhamu, walikamata mamia ya wanaume kwa tuhuma za kuwasaidia waasi, wakawafungia baadhi yao ndani ya behewa la treni. Watu 69 walikufa kwa kukosa hewa. Serikali iliomba radhi baadaye, na kuna mnara na shule ya sekondari yenye jina la kumbukumbu. Kutoka Bugolobi unafika kwa kupitia Jinja, Iganga, Tirinyi na Mbale, barabara yote ni lami, na ukitoka alfajiri utakuwepo kabla ya saa sita mchana. Reli bado iko palepale. Uliza shuleni, watakuonyesha.